Muziki mpya unataka kurudiwa kabla ya kuhukumiwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu lalamiko lisiloisha midomoni mwa watu waliokwisha kuvuka ujana: kwamba muziki wa sasa hauna ladha, na kwamba nyimbo za maana zilikoma wao walipokuwa na miaka ishirini na kitu. Wanaosema hivyo hawasingizii. Ni kweli raha waliyoijua zamani hawaisikii tena. Ila wanakosea wanapowatupia lawama wanamuziki, au wanapojitangazia kwamba masikio yao yamezeeka, kwani kwa kukosea chanzo wanaikosa na dawa. Raha ya kugundua muziki mgeni inarudi kwa mtu wa umri wowote, mradi aupe muziki huo kile alichozipa nyimbo za ujana wake bila kujua.

Chukua wimbo wowote unaoupenda tangu shule. Hukuupenda kwa kuusikia mara moja. Ulikuwa redioni asubuhi, ukawa kwa jirani mchana, ukapigwa katika kila sherehe, rafiki akauimba njia nzima. Siku uliposema huu ni wangu, ulikuwa umeshausikia mara nyingi mno bila kukusudia. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho tu mara kwa mara, hata kama hajaambiwa neno zuri juu yake.

Kwa muziki kuna na sababu ya ziada. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha matokeo ya kupima ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo zinazowasisimua hadi vinyweleo kusimama. Waliona kwamba dopamini, kemikali inayohusika na hamu na raha, hutolewa mara mbili: kwanza katika sehemu moja ya ubongo muda mfupi kabla ya kile kipande kinachosisimua, kisha katika sehemu nyingine kipande chenyewe kinapofika. Maana yake ni kwamba kungojea unachokijua ni sehemu ya raha yenyewe, na wimbo unaousikia kwa mara ya kwanza hauna cha kungojewa. Elizabeth Margulis, mtafiti wa Marekani, alilijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Alichukua kazi za Luciano Berio na Elliott Carter, watunzi wa karne ya 20 ambao muziki wao hukwepa marudio, akakata vipande na kuvibandika tena mara ya pili humohumo. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 2013, wasikilizaji waliviona vile vilivyorudiwa vinapendeza na kuvutia kuliko vilivyoachwa kama vilivyotungwa. Mkasi tu, bila kipaji chochote cha utunzi, uliwasogeza wasikilizaji karibu na muziki mgumu.

Sasa mtazame mtu mzima. Wimbo mpya anausikia mara moja, jioni, amechoka, kwenye spika ya simu, anauruka baada ya sekunde ishirini na kutoa hukumu. Zaidi ya hapo anaupambanisha na wimbo uliobeba marafiki, mapenzi ya kwanza na miaka ya shule. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini muda mrefu sasa kwamba mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi hukumbukwa kwa wingi kuliko ya vipindi vingine vya maisha, na nyimbo za umri huo hunufaika na mzigo huo wa kumbukumbu. Wimbo wa juzi hauwezi kushinda mashindano ya namna hiyo, hata uwe bora kiasi gani.

Pendekezo langu ni albamu moja kwa wiki, isikilizwe mara nne kabla ya kutamka lolote. Albamu za enzi za santuri ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu upande mmoja wa santuri hubeba dakika 22 hivi na albamu nzima huishia karibu dakika 40. Mara ya kwanza iweke huku mikono ikifanya kazi isiyotaka maneno: kupiga pasi, kuosha vyombo, kufagia. Usijaribu kuielewa, iache ipite. Siku mbili baadaye keti nayo peke yake, simu ikiwa mbali, na uandike dakika ya kila kitu kilichokufanya uinue kichwa. Mara ya tatu, baada ya siku mbili tena, soma mashairi au tafsiri yake wakati nyimbo zinaendelea. Mara ya nne toka nayo nje, utembee. Ukimaliza jiulize swali moja tu: kuna mahali nilipokuwa nangojea pafike? Pakiwepo hata mahali pamoja tu, albamu hiyo ibaki nawe. Pasipokuwepo, iache bila kujilaumu na uanze nyingine.

Mpango huu huharibika kwa njia zinazojulikana. Wengi wanazibana zile mara nne katika siku moja, wimbo unawachosha kabla haujaingia. Daniel Berlyne, aliyechunguza saikolojia ya sanaa, alieleza katika miaka ya 1970 kwamba kupenda hupanda kadiri kitu kinavyozoeleka, hufika kilele, kisha hushuka. Ukikimbiza mazoea kwa siku moja unavuka kilele bila kukiona. Wengine husikiliza huku wakisoma au wakijibu ujumbe, na maneno ya wimbo yanagombana na maneno yaliyo mbele ya macho. Wapo pia wanaosoma tafsiri ya mashairi kabla ya kusikia sauti hata mara moja, na wimbo unageuka maelezo ya karatasi. Sauti itangulie. Na usijaribu muziki mgeni ukiwa umekasirika, kwani hasira hiyo utaihamishia kwa mwimbaji asiye na kosa.

Nizungumzie vyombo, kwa kuwa hukumu nyingi zinazotolewa juu ya muziki mpya ni hukumu juu ya spika mbovu. Waya mnene kabisa wa gitaa la besi hutoa sauti ya hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu huanza kudhoofika vibaya juu sana ya hapo, kwenye mamia ya hezi. Ubongo una uwezo wa kukisia noti ya besi kutokana na sauti nyembamba zinazoambatana nayo, kwa hiyo hutaona kwamba noti haipo. Utakachokosa ni uzito wake. Rege, tawi lake liitwalo dub, rumba, na karibu muziki wote wa dansi wa sasa umejengwa juu ya uzito huo. Mtu anayeusikiliza kwa spika ya simu amesikia mapambo bila nyumba. Hedifoni ya waya ya kawaida inayoziba sikio vizuri inatosha. Si lazima iwe ya kifahari. Zile ndogo za kuingiza sikioni zikilegea, besi hupotea papo hapo, hivyo badili mipira hadi upate inayokaa sawa.

Angalia na mipangilio ya programu unayosikilizia. Kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa moja ya muziki hula megabaiti 43 hivi. Kwa kilobiti 320 hula megabaiti 144. Kwa wimbo unaoujua tangu zamani ubora wa chini hauna tatizo, sikio linajazia. Kwa muziki mgeni tofauti husikika hasa kwenye matoazi na vitamkwa vya "s" na "sh", ambavyo huanza kuchakaa. Ni afadhali kupakua albamu moja kwa ubora wa juu pale penye intaneti isiyopimwa kuliko kusikiliza kumi kwa ubora hafifu. Washa pia kile kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya wimbo na wimbo. Rekodi za miaka ya 1960 ziliachwa na nafasi kati ya sauti ndogo na kubwa, ilhali nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na kuendelea zimebanwa ili zisikike kwa nguvu mwanzo hadi mwisho. Sikio likilinganisha viwili hupendelea chenye sauti kubwa, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba msikilizaji haitambui. Bila kusawazisha, utaihukumu rekodi ya zamani kuwa dhaifu kumbe imerekodiwa kwa sauti ya chini tu.

Kuhusu usalama wa masikio, kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kwenye desibeli 90 umebakiwa na saa nne tu kwa wiki nzima. Uwezo wa kusikia sauti nyembamba hupungua kadiri umri unavyosogea, na kishawishi ni kupandisha sauti yote. Usipandishe. Tafuta mahali tulivu, au ongeza kidogo upande wa sauti nyembamba kwenye kisawazishi cha simu.

Sasa nifike panaponigusa zaidi. Muziki mwingi mzuri wa dunia hauanzi na kilicho bora. Rumba ya Kongo hutoa mfano ulio wazi: wimbo huanza taratibu, mwimbaji anasimulia, vyombo vinamsindikiza kwa adabu, kisha katikati au baada yake sebene linafunguka, magitaa yanachukua usukani na miguu haitulii tena. Anayeruka wimbo katika dakika ya kwanza hajawahi kulifikia sebene, na anaweza kuishi miaka akidhani rumba ni muziki wa kubembeleza tu. Onyesho la taarab asilia ya Zanzibar hufunguliwa kwa bashraf, kipande cha ala tupu chenye asili ya Kituruki. Asiyejua hukaa akingoja mwimbaji na kukereka, wakati kazi ya bashraf ni kumtuliza na kulitayarisha sikio lake.

Muziki wa raga wa kaskazini mwa India ndio unaowashinda wengi, na unawashinda kwa sababu hawakupewa ramani. Kwanza huja alap: mpigaji anafungua noti moja baada ya nyingine, bila ngoma, bila mapigo ya kuhesabika, pengine kwa nusu saa. Kisha katika sehemu ziitwazo jor na jhala mapigo yanajitokeza na kuongeza kasi. Halafu huja gat, sehemu yenye mzunguko wa mapigo, na hapo ndipo tabla, jozi ya ngoma za mkono, inapoingia. Mgeni asianze na alap. Aende moja kwa moja pale tabla inapoingia, ausikilize mzunguko hadi auzoee, ndipo siku nyingine arudi mwanzo. Mzunguko unaotumika sana, tintal, una mapigo 16. Piga kofi kwenye pigo la 1, la 5 na la 13, na kwenye pigo la 9 punga mkono wazi bila kupiga. Fanya hivyo kwa dakika kumi. Utaanza kuhisi wanamuziki wawili wanavyoachana, kila mmoja akienda zake, kisha wanakutana tena kwenye pigo la kwanza, na mkutano huo ndio wasikilizaji wa huko wanaoungojea na kuushangilia. Ile dopamini ya McGill inahitaji hasa kitu kama hiki, mahali unapojua kwamba patafika.

Kwa mbira ya Washona wa Zimbabwe, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole, njia ni nyingine. Kwa kawaida wapigaji wawili hufumana, mmoja akipiga kushaura, sehemu inayoongoza, na mwingine kutsinhira, inayoipokea, na kayamba ziitwazo hosho zinashika mapigo. Mzunguko wa kawaida una mapigo madogo 48, yaliyogawanyika katika vifungu vinne vya 12. Ukijaribu kusikia vyote kwa pamoja utasikia mvua. Chagua sauti nene peke yake na uifuate mizunguko mitatu au minne. Rudia wimbo uleule kwa kuifuata sauti nyembamba. Mara ya tatu utaanza kusikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa wapigaji anayezipiga peke yake, zinazozaliwa pale mikono yao inapopishana. Ni moja ya maajabu makubwa ya muziki wa bara hili na halihitaji chochote zaidi ya subira.

Vilevile upo muziki wa Kiarabu wa maqam, yaani ngazi za noti ambazo wimbo hujengwa juu yake. Katika maqam iitwayo Rast noti ya tatu huangukia kati ya zile mbili zinazopatikana kwenye piano, na sikio lililolelewa na piano hudhani mwimbaji amepotea. Sikiliza waimbaji watatu tofauti katika maqam hiyohiyo, siku tatu tofauti. Sikio likishaona kwamba wote watatu "wamepotea" mahali palepale, huacha kupinga na kuanza kufurahia.

Je, albamu zenyewe zitoke wapi? Mnamo Oktoba 2022 Apple ilitangaza kwamba huduma yake ya muziki imefikisha nyimbo milioni 100. Mbele ya rundo hilo mtu huganda, na mwisho hubonyeza anachokijua. Njia iliyo imara kuliko zote ni kufuata majina ya wapigaji. Usiishie kwa mwimbaji. Tazama nani amepiga besi, nani ngoma, nani prodyuza, studio ipi. Nitoe mfano mmoja mrefu. Albamu ya Buena Vista Social Club, kundi la wanamuziki wa Kuba, iliyotoka mwaka 1997, ilirekodiwa Havana mwezi Machi 1996, na jina moja kwenye jalada ni la mpiga gitaa Mmarekani, Ry Cooder. Lifuate jina hilo nyuma kidogo, utafika Talking Timbuktu ya mwaka 1994, aliyoifanya na Ali Farka Touré wa Mali. Mfuate Touré, utafika In the Heart of the Moon ya 2005, pamoja na Toumani Diabaté na kora yake ya nyuzi 21. Diabaté naye anakupeleka kwa Mmarekani Taj Mahal katika Kulanjan ya 1999, na humo kuna kijana anayepiga ngoni, ala ya nyuzi ya Afrika Magharibi, Bassekou Kouyaté. Kouyaté ni mmoja wa Wamali waliotarajiwa Havana mwaka 1996 kurekodi pamoja na Wakuba, wakashindwa kufika kwa ajili ya viza. Mkutano ule ulikuja kufanyika baadaye, na matokeo yake ni AfroCubism ya 2010, ambamo yeye na Diabaté wanapiga pamoja na Eliades Ochoa wa Buena Vista. Kwa mpango wa albamu moja kwa wiki, jalada moja limekupa zaidi ya mwezi mzima wa kusikiliza, na kila albamu ina mtu unayemfahamu tayari. Hilo ndilo linalofanya njia hii ifae: ugeni unaingia ukiwa umeshikwa mkono na mazoea.

Majina haya hupatikana wapi? Discogs na MusicBrainz, zote zilizoanzishwa mwaka 2000, ni hazina za bure zinazoandikwa na wapenzi wa muziki wenyewe. Fungua ukurasa wa albamu, shuka hadi orodha ya walioshiriki, gusa jina, na utaona kila rekodi nyingine iliyosajiliwa kwa jina hilo. Tatizo la kawaida ni tahajia: mwanamuziki mmoja wa Kiafrika huweza kuandikwa kwa namna tatu na kazi zake zikatawanyika. Jaribu tahajia zote, na kwenye Discogs tazama picha za jalada, kwa kuwa mara nyingi nyuma ya jalada pana majina ambayo hakuna aliyeyanakili. Kwa muziki wa asili wa Afrika ipo maktaba ya International Library of African Music, aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954. Smithsonian Folkways, iliyorithi rekodi za kampuni ya Folkways ya mwaka 1948, huruhusu mtu kupakua bila malipo vijitabu vya maelezo ya albamu zake. Vijitabu hivyo hueleza nani anapiga nini na wimbo unatumika katika shughuli gani. Visome baada ya usikilizaji wa pili.

Mapendekezo ya kompyuta siyapingi, ila yanahitaji kuongozwa. Kwa sehemu kubwa algoriti, yaani kanuni ambazo kompyuta hufuata, hulinganisha unachosikiliza na wanachosikiliza watu wanaofanana nawe, kisha hukupa kile ambacho wao wamekisikia na wewe bado. Ndiyo maana mtu anayerudia nyimbo za ujana wake huletewa nyimbo nyingine za ujana wake. Huduma ya muziki ya Spotify, kwa mfano, tangu mwaka 2015 hutoa kila Jumatatu orodha ya nyimbo 30 iitwayo Discover Weekly. Orodha hiyo huvurugika upesi watoto wakitumia simu yako, au ukilala na sauti za mvua usiku kucha. Kwa nyakati hizo tumia usikilizaji wa faragha, na orodha za watoto ziondoe kwenye zile zinazohesabiwa katika ladha yako. Zima ile hali ya kuendelea kucheza chenyewe albamu inapokwisha, kwani ukimya wa dakika mbili baada ya wimbo wa mwisho una kazi yake. Unapotaka orodha ya nyimbo zinazofanana, anzia kwenye wimbo usiojulikana sana wa msanii badala ya ule uliovuma. Uliovuma unapendwa na watu wa kila aina, kwa hiyo unakurudisha kwenye barabara kuu. Na ukiupa wimbo nafasi, uvushe sekunde 30, kwa kuwa huduma kama Spotify hazihesabu usikilizaji uliokatika kabla ya hapo.

Wimbo ukikupita barabarani, programu ya simu ya Shazam hutambua rekodi kwa kulinganisha vilele vya sauti na alama zilizohifadhiwa. Hutambua rekodi mahususi, si utunzi, na ndiyo sababu mara nyingi hushindwa bendi ikipiga wimbo huohuo jukwaani. Kwa wimbo uliobaki kichwani bila jina, utafutaji wa Google tangu mwaka 2020 hupokea mvumo wa mdomo: vumisha kwa sekunde 10 hadi 15, bila maneno, ukianzia kiitikio.

Lakini hakuna mashine inayofikia mtangazaji aliyebobea au mtu anayekufahamu. John Peel wa BBC alitangaza Radio 1 tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, akichanganya vitu ambavyo hakuna mashine ingeviweka jirani. Watangazaji wa namna hiyo wapo hata leo, wengi wakipewa saa za usiku. Tovuti ya Radio Garden, iliyofunguliwa mwaka 2016, inakuwezesha kuzungusha ramani ya dunia na kusikiliza stesheni za miji mbalimbali moja kwa moja. Hesabu tofauti ya saa: mchana wako unaweza kuwa usiku wao, na usiku ndipo vipindi vya wajuzi vinapopatikana.

Kwa ndugu na marafiki, badilishaneni albamu moja moja. Anayetuma orodha ya nyimbo hamsini hajatuma kitu, kwa sababu haitasikilizwa. Tuma moja, sema wimbo wa kuanzia na dakika ya kusubiri, na mwenzako arudishe sentensi moja baada ya wiki. Kijana wako au mpwa wako mwulize anasikiliza nini na anapenda mahali gani hasa ndani ya wimbo huo. Akikuonyesha, nyamaza hadi uishe. Usimwambie unafanana na wimbo gani wa enzi zako. Hilo ndilo linalofanya vijana waache kutuonyesha. Urudie peke yako mara tatu kama albamu nyingine yoyote, na nina hakika kwamba katika tatu atakazokupa, walau moja utaibakisha.

Weka daftari. Tarehe, jina la msanii, umelipata wapi, sentensi moja na dakika moja, mathalani "tarumbeta linaingia 3:40". Orodha ya vinavyongoja kusikilizwa isizidi kumi. Cha kumi na moja kikija, kimoja kitoke. Orodha isiyo na kikomo hugeuka deni, na hakuna anayefurahia kulipa deni kwa masikio. Baada ya miezi sita rudi kwenye albamu ulizoziacha uchague mbili uzijaribu upya, maana masikio yaliyopita kwenye raga na mbira hayasikii tena kama zamani, na mara nyingi kilichokataliwa mwanzoni kilikuwa kimekuja mapema mno.

Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako. Habari za muziki zinazochapishwa kwetu hutueleza nani amegombana na nani, nani amenunua gari, nani ameachana na mkewe. Mnapoandika juu ya albamu, mpya au ya zamani, tupeni mistari mitano ya ziada: majina ya wapigaji wote na ala zao, prodyuza na studio, mwaka wa kurekodiwa, urefu wa albamu kwa dakika, na wimbo ambao mgeni aanze nao. Pale wimbo unapochelewa kufunguka, andikeni dakika unapofungukia. Nafasi inayohitajika haizidi ya tangazo dogo, na mwandishi atakayekusanya majina hayo atalazimika kwanza kuisikiliza albamu hadi mwisho.

Wako,
Msomaji mpenda muziki